Opera, Kwaya na Ngonjera: Mchezo wa Kuimbwa katika Miteremko ya Kilimanjaro

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii haimtaki mwenyeji amfungie mgeni mlango, wala haimtaki amwachie mgeni nyumba nzima. Husema tu kwamba ujio wa mgeni huweza kuwa dawa, ilimradi mwenyeji awe angali hai na awe na sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tumeichagua iwe kizingiti cha makala haya kwa sababu tunakusudia kumzungumzia mgeni mmoja katika sanaa za dunia, aitwaye opera, na kuuliza alipotufikia huku Moshi alimkuta nani, wakazungumza nini, na nani kati yao aliyenyamaza.

Yawezekana msomaji atashangaa. Opera na Moshi wapi na wapi? Wengi wetu tumelisikia neno hilo redioni au kulisoma vitabuni, tukadhani ni starehe ya matajiri wa Ulaya, ambao huketi katika viti vya mahameli wakimsikiliza mama mmoja akipaza sauti hadi vioo vitetemeke. Lakini tukiliondolea neno hili mahameli yake, tutaona kwamba ni neno la Kiitaliano lenye maana ya kawaida kabisa: kazi. Kwa desturi ya sanaa, opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake yote, au karibu yote, huimbwa badala ya kusemwa, huku ala za muziki zikiwasindikiza waigizaji. Humo mna kisa, mna wahusika wanaogombana na kupendana, na mna wimbo unaobeba ugomvi na mapenzi hayo. Mambo haya matatu, yaani kisa, kitendo na wimbo, si mali ya taifa moja. Namna ya kuyaunganisha ndiyo inayotofautiana kutoka watu hadi watu.

Opera ya Ulaya ilizaliwa katika mji wa Florence, Italia, mwishoni mwa karne ya 16. Palikuwa na kundi la mabwana wasomi, washairi na wanamuziki waliokuwa wakikutana na kujadiliana juu ya sanaa ya Wayunani wa kale. Waliamini kwamba Wayunani hawakuisema michezo yao ya tanzia bali waliiimba, wakatamani kuifufua desturi hiyo. Kutokana na mazungumzo yao, Jacopo Peri alitunga mchezo wa kuimbwa ulioitwa Dafne, karibu mwaka 1598. Mwaka 1600 alitoa mwingine, Euridice, katika sherehe za ndoa ya Maria de' Medici na Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa. Mwaka 1607, katika mji wa Mantua, Claudio Monteverdi alitoa Orfeo, kisa cha mwimbaji aliyeshuka kuzimu kumfuata mkewe aliyefariki. Mpaka hapo sanaa hii ilikuwa ya majumba ya watawala. Mwaka 1637 jumba la San Cassiano lilifunguliwa Venice, na yeyote mwenye nauli ya mlangoni aliweza kuingia. Tangu hapo opera ikawa mali ya mji.

Katika historia hii fupi tunaomba walimu na vijana wetu washike jambo moja. Wale mabwana wa Florence hawakuanza kwa kusema, tubuni kitu kipya. Walianza kwa kuuliza, wale wa kale waliimbaje? Huenda hawakuielewa barabara sanaa ya Wayunani, kwa kuwa hawakuwa na mzee wa kuwaimbia. Walikuwa na vitabu tu. Hata hivyo, katika kulitafuta la zamani walilizaa jipya. Sisi tunao wazee waliosikia kwa masikio yao, na bado hatujawauliza.

Kutoka Italia opera ilivuka milima ikaingia Ujerumani. Mwaka 1693 mji wa Leipzig, uliojulikana kwa biashara na vitabu, ulifungua jumba lake la opera. Jumba hilo lilifungwa mwaka 1720, na miaka mitatu baadaye Johann Sebastian Bach aliajiriwa kuongoza muziki wa makanisa ya mji huo, kazi aliyoifanya hadi alipofariki mwaka 1750. Wakubwa wa mji walimtia Bach sahihi kwenye ahadi kwamba muziki wake wa kanisani usifanane na wa opera. Bach akaweka sahihi. Kisha, mwaka 1727, katika ibada ya Ijumaa Kuu, akawapa Mateso ya Bwana kwa mujibu wa Mathayo: mwimbaji mmoja ni msimulizi, mwingine ni Yesu, mwingine Petro, mwingine Pilato, na kwaya ni umati unaopiga kelele ukitaka asulubiwe. Hapakuwa na mavazi ya kuigizia wala jukwaa. Lakini kisa kilikuwapo, ugomvi ulikuwapo, na wimbo ndio uliovibeba vyote viwili. Opera iliyofukuzwa mlangoni ilikuwa imeingia kwa dirisha la kanisa.

Tumeutaja mji wa Leipzig kwa sababu maalumu. Mwaka 1893, miaka 200 kamili tangu jumba lile la opera lifunguliwe, wamisionari wa Kilutheri wa Misioni ya Leipzig walifika Kilimanjaro na kujenga kituo chao cha kwanza Machame. Mwaka 1896 walifungua kingine Kidia, Old Moshi. Hawakuleta opera katika mizigo yao. Walileta Biblia, dawa, kitabu cha nyimbo na, baadaye, matarumbeta ya shaba. Lakini mtu hutembea na malezi yake. Watu hao walitumwa na mji ambao kwa vizazi vingi watu wake walikuwa wamezoea kukisikia kisa kikuu cha imani yao kikiimbwa kwa sauti nne. Upande wa pili, Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wametangulia Kilema, na mwaka 1893 walikuwa Kibosho. Wao nao walikuja na desturi yao ya kale ya kuyaimba Mateso ya Bwana katika Juma Kuu, sehemu zikigawanywa kati ya msimulizi, Kristo na watu wengine wa kisa hicho. Kwa njia hizo mbili, mchezo wa kuimbwa wa Ulaya ulipanda mlima huu ukiwa umevaa kanzu.

Je, mgeni alikuta mlima uko kimya? La hasha. Wachagga wa Machame, Kibosho, Old Moshi, Vunjo na Rombo, kila mmoja kwa lahaja yake, walikuwa na nyimbo za kazi na za vita, za harusi na za matanga, na zaidi ya hizo walikuwa na elimu iliyoimbwa. Vijana wa kiume walipokwisha tahiriwa waliweza kupelekwa porini katika mafunzo yaliyoitwa ngasi, na wasichana nao walikuwa na mafundisho yao. Mkufunzi alikuwa na fimbo iliyochongwa alama, iliyoitwa mregho. Kila alama ilikuwa na somo lake: habari za mwili wa binadamu, za uzazi, za heshima kwa wazazi, za maisha ya ndoa. Mkufunzi alishika alama, akaanzisha maneno, wanafunzi wakaitikia, kisha akaenda alama ya pili. Kwa hiyo fimbo ile ilikuwa daftari la watu wasioandika kwa wino, na wimbo ndio uliokuwa wino wake.

Hatutaki kusema kwamba ngasi ilikuwa opera, maana kufanya hivyo ni kumvika babu suti ili apate heshima ambayo tayari anayo. Opera ina watazamaji waliolipa na wachezaji waliolipwa. Katika ngasi hapakuwa na mtazamaji, kila aliyekuwapo alikuwa ndani ya jambo lenyewe. Tunachosema ni kwamba yule aliyekuja na kisa, kitendo na wimbo aliikuta nyumba ambamo kisa, kitendo na wimbo vilikwisha kuoana zamani.

Lakini mgeni huyu hakuja peke yake, na haki inatutaka tuseme alikuja na nani. Mwaka 1891 alifariki Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, na mwanawe Meli akashika kiti. Mwaka 1892 askari wa Meli waliwashinda Wajerumani waliokuja kumpiga, na kiongozi wao, von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata, miezi michache kabla ya wamisionari wa Leipzig kufika Machame, Wajerumani walirudi na jeshi kubwa wakamvunja nguvu. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa hadharani Old Moshi, mahali paitwapo Tsudunyi, pamoja na viongozi wengine wa Kichagga na wa jirani, kwa shutuma kwamba walikula njama dhidi ya utawala. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na wa ukoo wake wamekuwa wakikitafuta kwa miaka mingi. Siku aliponyongwa, kituo cha Kidia, mwendo mfupi kutoka pale, kilikuwa na umri wa miaka minne. Kwa hiyo katika kilima kimoja watoto walikuwa wakifundishwa wimbo mpya, na kiongozi wao alinyamazishwa milele. Mwenye kuandika historia ya muziki wa Moshi bila ya kuutaja mti ule ameandika nusu tu.

Elimu ya porini nayo ilidhoofika. Makanisa mengi hayakuipenda, serikali ya kikoloni haikuitaka, na wazazi waliobatizwa waliona aibu kuwapeleka watoto wao. Hapa tunapaswa kumtaja Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika nchini mwaka 1902 na ambaye, ukiacha miaka aliyoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alifanya kazi Old Moshi hadi mwaka 1938. Gutmann hakuwa kama wamisionari waliodhani Mwafrika ni karatasi tupu. Aliwasikiliza wazee, akaandika mafundisho yao, na mafundisho hayo yakachapishwa Ujerumani katika vitabu vitatu vinene kati ya mwaka 1932 na 1938. Kabla yake Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, alikwisha kuandika kitabu juu ya Kilimanjaro na watu wake, kilichotoka mwaka 1924. Tunawashukuru, kwani bila ya kalamu zao mengi yangalizikwa na wenyewe. Lakini tazameni mkasa uliopo. Maneno yaliyoimbwa migombani sasa yamelala maktabani, ng'ambo ya bahari, katika lugha ambayo mjukuu wa mwimbaji haisomi; na tuni zake hazimo, kwa sababu herufi haina koo.

Pamoja na hayo, tusiwadhanie watu wa mlimani kuwa walikuwa chombo kitupu kinachojazwa. Waliupokea wimbo mpya wakaufanya wao. Walijifunza nota za kuandikwa kwa herufi, zile za do, re, mi, ambazo hazihitaji kinanda wala karatasi ya mistari mitano. Ubao na kipande cha chaki vilitosha. Mwalimu wa shule ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya, na mara nyingi ndiye aliyekuwa mwinjilisti. Nyimbo zilitafsiriwa katika Kichagga na Kiswahili. Matarumbeta yakawa sehemu ya sikukuu na ya mazishi. Krismasi na Pasaka zikaleta maigizo: Mariamu akitafuta nyumba ya kulala, Herode akiuliza habari za mtoto, wachungaji wakishuka kutoka malishoni, na kwaya ikiimba katikati ya vitendo hivyo. Yule aliyeigiza Herode alipewa joho la kuazima, na watoto walimwogopa hata baada ya ibada. Mkulima wa kahawa wa Marangu ambaye hajapata kukanyaga jumba la opera alikwisha kuuona mchezo wa kuimbwa, tena alikwisha kushiriki, kabla ya kupata redio.

Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Huko Nigeria, mwaka 1944, askari polisi mmoja aitwaye Hubert Ogunde alitunga mchezo wa kuimbwa juu ya bustani ya Edeni, akauonyesha Lagos kwa ajili ya kanisa lake. Wimbo ulitoka kanisani, lakini Ogunde hakukomea kanisani. Alirudisha ngoma na mashairi ya Kiyoruba, akatunga visa vya mambo ya siku zake, akazunguka na kundi lake mji kwa mji. Wataalamu wakaiita sanaa hiyo opera ya Kiyoruba. Mwaka 1963 Duro Ladipo alitoa Oba Koso, kisa cha mfalme Sango, na kundi lake likakaribishwa hadi Ulaya. Tena jirani zetu wa Uganda walikuwa na Byron Kawadwa, aliyetunga michezo ya nyimbo kwa Kiganda akishirikiana na mwanamuziki Wassanyi Serukenya. Mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Bwana Jogoo, wa mwaka 1971, ulipelekwa kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwaka 1977. Aliporudi nyumbani mwaka huohuo, watu wa utawala wa Idi Amin walimkamata wakamuua. Wako wanaosema kwamba wimbo ni upepo tu. Watawala dhalimu hawajapata kuamini hivyo. Na katika karne hii, Afrika ya Kusini ilitoa mwaka 2002 opera ya Kizulu ya Mzilikazi Khumalo juu ya Binti Mfalme Magogo, mwimbaji na mtunzi wa kabila hilo. Hakuna tena awezaye kudai kwamba lugha zetu haziwezi kubeba mzigo huo.

Pwani yetu nayo ina sehemu yake katika historia hii. Mwaka 1869 Khedivu Ismail wa Misri alifungua jumba la opera mjini Cairo, na katika jumba hilo, tarehe 24 Desemba 1871, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Aida, opera ya Mtaliano Giuseppe Verdi. Katika miaka hiyohiyo Sayyid Barghash alikuwa akitawala Zanzibar, na inasimuliwa kwamba alimtuma mtu wake Misri kujifunza ala na uimbaji wa huko. Katika masimulizi hayo ndimo wengi wanamoanzia historia ya taarabu. Mji mmoja, basi, ulikuwa na milango miwili. Zanzibar iliingia kwa mlango wa muziki wa Kiarabu, ikautia Kiswahili, na akatokea Siti binti Saad, aliyeutoa wimbo huo barazani mwa wakubwa akaufikisha kwa watu wa kawaida. Nasi tusisahau kwamba kabla ya taarabu Waswahili walikwisha kuwa na tenzi ndefu za vita na za mitume, ambazo hazikusomwa kimya bali zilighaniwa mbele ya watu usiku kucha.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, taifa jipya lilihitaji sauti. Wimbo tulioufanya wa taifa ulitokana na wimbo wa kanisa uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na wa kwaya huko Afrika ya Kusini. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, ili watu waliofundishwa kuzionea haya ngoma zao wazione upya. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, aliwaomba washairi wasaidie kuifikisha siasa ya nchi kwa wananchi kwa njia ya ushairi. Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote ni Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo na mtumishi wa serikali. Yeye ndiye aliyeieneza ngonjera: shairi la majibizano linaloghaniwa na kuigizwa na watu wawili au makundi mawili, mmoja akiuliza au akipinga, mwingine akijibu, mpaka wakubaliane. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya ngonjera, vilivyotolewa kwa jina la chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, vikaingia mashuleni mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Sisi tuliokuwa watoto wa shule za msingi katika miaka iliyofuata tuliikuta ngonjera imekwisha kuwa desturi. Tuliighani katika sikukuu za taifa, miguu mitupu juu ya majani, mwenzetu mmoja amefungwa mto tumboni ili awe kabaila. Hapa Moshi jambo la pekee lilitukia bila ya mtu kulipanga: walimu waliotufundisha ngonjera ndio haohao waliofundisha kwaya. Basi kiitikio cha ngonjera kiliimbwa kwa sauti nne kama wimbo wa kanisa, na yule kiongozi wa upande wa wazee alianzisha kwa namna ya bibi zetu wanapoomboleza. Kwaya, ngonjera na mila vilikutana katika uwanja mmoja wa shule. Tulikuwa tumekaribia sana mchezo wa kuimbwa ulio wetu, na hatukujua.

Kwa nini, basi, hatukufika? Tuseme ukweli bila ya kumlaumu mtu. Ngonjera ilikuwa na kasoro moja iliyotokana na kazi yake yenyewe: mwisho wake ulijulikana kabla ya mwanzo. Mjinga aliingia akiwa mjinga, akatoka ameelimika. Kabaila hakupewa hoja ya kweli hata moja. Lakini mchezo huishi kwa ugomvi ambao pande zote mbili zina uzito. Monteverdi anamruhusu mwimbaji wake ageuke nyuma na kumpoteza mkewe, ingawa sisi wasikilizaji tunamwomba asigeuke. Bach aliupa umati unaotaka damu muziki wenye nguvu ya kutisha, ili kila aketiye kanisani ajiulize kama na yeye asingalipiga kelele hizo. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile ya mwaka 1969, alionyesha kwamba hata historia yetu tukufu ina maswali yasiyo na jibu jepesi. Ngonjera nyingi za mashuleni hazikuthubutu kufika hapo, na siku siasa iliyozibeba ilipobadilika, zikabaki bila ya mguu wa kusimamia.

Kasoro ya pili ilikuwa ya kwetu sisi tuliopewa dhamana. Turuhusiwe kueleza kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya sanaa ya shule za sekondari. Shule moja ya mlimani ilileta kundi la wanafunzi kama ishirini. Walikiimba kisa cha Mangi Meli tangu mwanzo hadi mwisho. Askari wa Kijerumani waliimba kwa tuni ya wimbo wa kanisa ulioongezwa mwendo ukawa wa gwaride. Mama wa Mangi aliimba kwa Kichagga, maneno machache tu, akiyarudia, na wenzake wakimwitikia kwa mvumo wa chini usio na maneno. Kijana aliyekuwa mkalimani wa Wajerumani, Mchagga mwenzao, aliimba peke yake akijitetea, na kwa muda tulimwonea huruma. Uwanja ulinyamaza.

Kisha sisi waamuzi tulikaa mezani. Fomu zetu zilikuwa na safu za kwaya, ngonjera, ngoma na maigizo. Mmoja wetu alisema si kwaya, kwa kuwa wanatembeatembea. Mwingine alisema si ngonjera, kwa kuwa hakuna vina wala makubaliano. Si ngoma, kwa kuwa hakuna ngoma. Si maigizo, kwa kuwa hawakusema hata neno moja bila ya kuimba. Tulishauriana kwa muda mfupi, maana jua lilikuwa linazama na magari yalikuwa yakisubiri. Tukaandika: hawakuzingatia kanuni. Nasi, tunaoandika makala haya, tuliweka sahihi yetu. Mwalimu wao alitushukuru kwa adabu akawakusanya watoto wake. Mwaka uliofuata shule ile ilileta kwaya iliyosimama wima, ikapata alama nzuri, na hatukuikumbuka kwa lolote.

Tumekuwa tukilifikiri jambo lile. Wakubwa wa Leipzig walimtaka Bach aahidi kwamba hataleta opera kanisani, kwa kuwa walikuwa na safu zao. Wao angalau walishindwa. Sisi tulifaulu.

Kwa hiyo tunalo ombi kwa walimu wetu na kwa vijana. Kwanza, waendeeni wazee wangali hai, mkarekodi si maneno tu bali na tuni. Siku hizi simu ya mkononi inafanya kwa dakika moja kazi ambayo Gutmann, kwa kalamu yake, hakuweza kuifanya kwa miaka thelathini. Mwulizeni bibi wimbo wa kumbembeleza mtoto, wimbo wa kuchimba mfereji, wimbo wa kumlilia aliyekufa. Pili, msivitenge vilivyokwisha kuoana. Kama kisa kinataka kuimbwa, kiimbwe. Kama katikati kinataka shairi lenye vina, lighaniwe. Kama kinataka tarumbeta, lipigwe. Tatu, msiogope mwisho usiojulikana. Mpeni adui hoja zake zote, kisha muache wasikilizaji wahukumu. Na sisi wa ofisini tuongeze safu moja katika fomu zetu, au tuache nafasi wazi chini ya ukurasa, ili siku kitu kipya kitakapokuja tusikose mahali pa kukiandika.

Mgeni wetu opera amekwisha kupokewa kwa namna nyingi, mara nyingine bila ya kutambulikana jina lake. Hatuna sababu ya kumfukuza wala ya kumwabudu. Kilichobaki ni mwenyeji afungue kinywa. Kwa kuwa sisi ni watu wa mashairi, tunaomba kuhitimisha kwa ubeti mmoja, na mwalimu apendaye aupe tuni:

Wimbo wetu mlimani, haukuletwa na meli,
Uliimbwa migombani, na wazee wa asili,
Mgeni yu mlangoni, apokewe kwa adili,
Asikie barazani, tukimwimba Mangi Meli.